Robo Kidonge kwa Bibi

Kwa heshima na taadhima, naomba ieleweke kwamba asubuhi ile ya likizo sikwenda jikoni kupeleleza. Nilikwenda kulamba sukari. Nikamkuta bibi ameinamia ubao wa kukatia vitunguu, ulimi nje, kisu mkononi, anapasua kidonge chake cha presha.

"Mke mwenzangu," akasema bila kugeuka, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "ukipiga chafya hapo utanitia hasara."

Nusu leo, nusu kesho. Kopo la mwezi mmoja linafika miezi miwili. Alijivunia ugunduzi huo kama vile kagundua umeme. Lakini nesi wa zahanati alishamwonya kwamba presha inapanda, na siku hizi alikuwa akitembea ameshika ukuta, kana kwamba nyumba ndiyo inayotaka kuanguka.

Nilishindwa kukaa. Nikachukua cheti cha daktari kwenye droo, nikaenda duka la dawa mbiombio. Mfamasia, mama mwenye miwani machoni na nyingine utosini, akasoma, akaweka makopo mawili kwenye kaunta.

"Jina hili kubwa ni la kampuni. Dawa yenyewe ni hii iliyoandikwa chini, kwa herufi za sisimizi. Ni ileile, nguvu ileile. Hili la kifuniko cheupe ni theluthi ya bei."

Nikanunua jeupe kwa pesa yangu ya matumizi ya muhula. Bibi akalitazama kama vile kaletewa mkwe asiye na kazi.

"Dawa ya bei hiyo inatibu nini, kiu? Mimi nimezoeana na kifuniko cha bluu."

Sasa, bwenini kwetu ninatambulika rasmi kama Waziri wa Hila. Vidonge vya makopo yote mawili vilikuwa vyeupe, vya duara, na mfereji katikati. Bibi alipokwenda kuoga, nikamimina vya bei rahisi kwenye kopo lake la bluu mpaka likajaa shingoni. Nilijua mtu akiona kopo limejaa, ataacha kuchinja vidonge. Alipouliza, nikasema baba kamtumia.

"Mwanangu," akasema bibi, akajifuta jicho. "Kajinyima."

Wiki mbili baadaye nikamsindikiza zahanati, kifua mbele, kupokea matokeo ya wizara yangu. Nesi akafunga mkanda mkononi, akautazama mshale, kisha akapima mkono wa pili. Sikuupenda huo mkono wa pili.

"Bibi, dawa unameza?"

"Kila siku."

"Imepanda kuliko mwezi uliopita."

Zilibaki siku nne shule ifunguliwe. Tangu tulipotoka zahanati sikutulia. Nilifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Nilifungua dirisha, nikalifunga. Je, kama dawa ni chaki? Je, kama nimemuua bibi yangu kwa theluthi ya bei? Nikarudi mbio kwa mfamasia.

"Dawa ni nzuri," akasema. "Umemwona anavyoimeza?"

Sikuwa nimemwona. Kesho yake asubuhi nikasimama mlangoni mwa jikoni. Kwenye ubao kulikuwa na vipande vinne.

"Robo?" nikauliza.

"Baba yako kajinyima hivyo, nami nisitunze?"

Nikakaa juu ya ndoo.

"Bibi, baba hajui lolote. Hivyo ni vya kifuniko cheupe. Nilivibadilisha mimi."

Akaepua maji ya chai yaliyokuwa yakichemka.

"Kwa hiyo wiki mbili napasua dawa ya bei rahisi mara nne."

"Ndiyo."

"Kwa kisu changu kizuri."

Akajitanda khanga, akachukua kopo, tukaenda duka la dawa, yeye mbele ameshika kuta za watu. Akamwambia mfamasia kwamba nyumbani kwake kuna mwizi wa vifuniko, kwa hiyo avikague vidonge vyote. Mfamasia akavimwaga kwenye sinia, akavilinganisha na vyake, akavitia kwenye kopo la kifuniko cheupe.

"Kimoja kizima kila siku, mama. Usiongeze kufidia, usipunguze kutunza. Na Ijumaa ya wiki ijayo rudi kwa nesi."

Bibi akameza kimoja palepale. Akasubiri.

"Kimepita," akasema, kwa masikitiko kidogo.

Alhamisi ya kwanza ya muhula nikaazima simu ya matroni.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Kizima?"

"Kizima, mke mwenzangu."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kisu kinagonga ubao. Ko, ko, ko.

"Hicho ni nini?"

"Kitunguu."

"Nikisikie."

"Kitunguu hakisemi. Hivi nani kakufundisha kutomwamini mtu mzima?"

Matroni alikuwa amenyoosha mkono kudai simu yake, Ijumaa ya nesi ilikuwa kesho, na kisu bado kinagonga.