Mguu wa Mama

Kila Jumapili mchana mama yake alipopiga simu, kinyozi alitoka nje ya kibanda chake, mashine ingali ikinguruma mkononi, akajibu kwa sauti ya upole kama malaika: "Ndiyo kwanza tunatoka kanisani, mama." Siku moja mama akauliza ule mngurumo ni wa nini. "Wanajaribu vyombo vya kwaya," akasema, na mteja wake aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa akacheka hadi taulo likamdondoka.

Mama alipovunjika mguu, kinyozi akamwambia kanisa zima linamwombea.

"Wananitaja kwa jina?"

"Kila Jumapili, mama."

Mama akalia kwa furaha. Yeye akarudi ndani kumalizia kidevu cha mtu. Hakuwa na roho mbaya. Mdomo wake tu ndio ulikuwa mwepesi, na kanisani hakuwa amekanyaga tangu ahame nyumbani.

Mguu ukapona. Wiki ya Krismasi, bila taarifa yoyote, mama akatokea mlangoni na fimbo yake, kifurushi amekikumbatia. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe cha meza ya madhabahu. Alikifuma kwa mkono muda wote aliokuwa kitandani.

"Nimekuja kuwashukuru watu wako," akasema.

Kinyozi alipokishika kile kitambaa alitamani ardhi ipasuke immeze. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema ukweli, naye akaiacha ipite. Akachagua kanisa kubwa lililo nyuma ya soko, akijipa moyo kwamba Krismasi watu hufurika, nani atamjua nani. Wangekaa nyuma kabisa, kitambaa wangemwachia mhudumu wa mlangoni, kisha wangetoka kabla ya wengine.

Mama akapita moja kwa moja hadi safu ya mbele.

"Mbona hakuna anayekusalimia?" akanong'ona.

"Ibada imeshaanza, mama."

Nyimbo zilipokwisha, mchungaji akawaomba wageni wasimame wajitambulishe. Kinyozi akainamisha kichwa, akajifanya anafunga kamba za viatu. Mama akasimama, akakibana kitambaa kwapani, akapokea kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mimi si mgeni sana kwenu. Ndimi yule mama wa mguu. Mmeniombea mwaka mzima, nikasema niulete muuone." Akaupiga mguu wake kofi dogo. "Asanteni sana, wanangu."

Watu wakapiga makofi, yale ya adabu tu. Mchungaji akatabasamu, akawatazama wazee wake, nao wakatazamana.

"Mama, samahani. Ombi lako alituletea nani?"

"Huyu mwanangu hapa. Si mnamjua?"

Kinyozi akasimama, masikio yakimwaka moto. Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni. Akaiona mikono ya mama juu ya kitambaa, akaona aibu iliyompita kimo.

"Hawanijui," akasema. "Na mimi ni mgeni. Hawakukuombea, mama. Hata mimi sikukuombea."

Mama akaketi taratibu. Hakumtazama. Akaanza kukikunja kitambaa, pembe kwa pembe.

"Kila ulipokata simu," akasema kwa sauti ya chini, "nilikuwa namshukuru Mungu kwamba huko uliko una watu. Nikaanza na kupiga magoti, hata kabla mguu haujapona."

Kinyozi alilia mbele ya kanisa zima, mtu mzima na ndevu zake alizozichonga vizuri. Mchungaji hakumkemea.

"Ombi limechelewa kutufikia," akasema. "Lakini sasa limefika. Anza wewe, ndugu yangu, tutakufuata."

Kinyozi akapiga magoti. Ulimi ule hodari wa kwenye simu haukukumbuka hata sala huanza vipi. Watu wakafumba macho, wakamngoja.

"Mungu," akasema. "Ni mimi. Mguu wa mama yangu..."

Akakwama hapo. Kisha akahisi mkono begani, ukimwelemea. Mama alikuwa anamwegemea, akijishusha polepole, mguu mmoja ukigoma kukunjika, mpaka magoti yake yakagusa sakafu pembeni mwa mwanawe.

"Endelea," mama akasema. "Leo nataka nisikie mwenyewe."