Subiri, Mama Anapangusa

Asubuhi duka la vipuri vya pikipiki lilipofunguliwa tena pale Lindi, Zaitunbai alianza kama alivyoanza siku zote. Alifukiza ubani, akachukua kitambaa, akapangusa kaunta, kabati la vioo, kisha kibodi ya kompyuta ya marehemu mwanawe, Aqeel. Vumbi lilikuwa jingi, maana duka lilifungwa tangu maziko.

Binti yake, Nazneen, alikuwa ameiwasha kompyuta hiyo, kisha akatoka nje kuhangaika na makufuli. Alipoingia alikuta skrini nyeusi haina kitu.

Programu ya kuchati iliyokuwa kwenye kompyuta hiyo haikuwa na picha wala mahali pa kubofya. Aqeel aliipenda hivyo hivyo. Mausi ya kompyuta alishaitupa zamani, akisema inamlia nafasi kwenye kaunta. Kila kitu kilikwenda kwa herufi za kibodi: moja ya kupanda, moja ya kushuka, moja ya kuandika, moja ya kufuta. Usipobonyeza kwanza ile ya kuandika, kila herufi unayoigusa ni amri. Kitambaa cha mama kilikuwa kimepita juu ya zote.

Yaliyopotea ni mazungumzo ya Aqeel na Kornelio, muuzaji wa tawi lao la Mtama. Nazneen alikuwa ameyaweka kiporo, ayasome atakapopata nguvu. Hakuwa na kingine chenye maneno ya kaka yake.

"Mbona umesimama kama mteja?" mama aliuliza.

"Naangalia tu, mama."

"Angalia umekaa. Kiti nimeshakipangusa."

Nazneen alitoka uani, akampigia Kornelio.

"Kaka Kornelio, maneno ya Aqeel yamefutika yote."

"Pole, dada. Yamefutika huko kwako. Huku Mtama yapo." Kisha akauliza, "Mama kapangusa?"

"Umejuaje?"

"Ngoja nikusomee." Nazneen alisikia herufi zikigongwa. "Kila asubuhi bosi alianza hivi: 'Subiri, mama anapangusa.' Halafu kimya. Halafu: 'Haya, kamaliza. Breki zimefika?' Siku moja nikamwandikia, si umkataze tu? Akajibu: 'Nimkataze nini, na ndivyo anavyonisalimia?' Alikuwa anaifunga kibodi kwanza isipokee amri, basi. Mama apanguse mpaka achoke."

Nazneen aliegemea ukuta. Alimwomba asome tena, taratibu. Kisha akauliza kibodi inafungwaje, na Kornelio akamtajia vitufe viwili vya kubonyeza pamoja.

Kesho yake Nazneen alifika dukani kabla ya mama. Alibonyeza herufi ya kuandika, akaandika: "Subiri, mama anapangusa."

"Nasubiri," Mtama ikajibu.

Akabonyeza vile vitufe viwili, akasogea pembeni. Zaitunbai aliingia na chetezo, harufu ya ubani ikimtangulia.

"Leo umewahi," alisema, akinyoosha mkono kuchukua kitambaa.

"Ndiyo, mama. Karibu."