Kidonda cha Buluu

Fundi wa kupogoa aliugonga mti wa mkungu kwa nyundo ya mbao, akatega sikio. Shina likajibu ko, ko, ko. Akagonga juu zaidi, na huko likajibu kwa sauti nzito, kama mtungi mtupu. Aliinua macho kutafuta uozo ulikoanzia, ndipo alipoyaona, kwenye kigutu cha tawi la zamani: madoa ya rangi ya buluu.

Hakumjua mtu mwingine aliyepaka miti rangi ya buluu. Miaka kumi na miwili nyuma, alipokuwa na panga, ngazi na ujasiri uliozidi maarifa, aliikata miti vichwa kama kinyozi anayewahi basi, kisha akavipaka vidonda mabaki ya rangi ya milango na kuyaita dawa. Ukubwani, katika masomo ya jioni, ndipo alipojifunza kwamba rangi hufungia unyevu ndani, na kwamba mti uliokatwa kichwa huchipua matawi ya haraka yaliyoshikwa na gome tu. Tangu hapo hakuinuka kwenye maombi bila kuitaja miti ile. Uani hapa hapakumkumbusha kitu; ukuta ulikuwa mpya, na chumba kilichoongezwa kilikuwa kimesogea hadi chini ya mti. Tawi nene kama paja lilikuwa limeinama juu ya paa lake.

"Unaonaje, mwanangu?" aliuliza mwenye nyumba, mjane mshonaji, bila kuinuka kwenye cherehani yake kivulini. "Binti yangu anataka tuukate wote. Mimi ndani sioni tundu la sindano. Mwanga wangu uko hapa, na bila kivuli jua litanifukuza."

"Mama, likianguka hilo utashonea wapi?" binti alijibu kutoka mlango wa jikoni.

"Marehemu alileta fundi mmoja zamani, mimi nikiwa msibani," mama aliendelea. "Hodari kweli! Mpaka dawa akaupaka. Kivuli kilirudi mara mbili. Yule mtu nimemwombea sana."

Shemeji yake fundi, mshika kamba, alikohoa. Kisa cha rangi ya buluu alikijua. "Nyamaza," alinong'ona. "Chukua shukrani za watu, ukae nazo."

Lilikuwa jambo jepesi. Angesema tu kwamba binti ana haki, mti ungelala, na kufikia jioni ushahidi wote ungekuwa kuni. Hakuna ambaye angemuuliza. Alitazama mikono ya mama ikinyoosha kitambaa kwenye mwanga uliochujwa na majani, akavua kofia.

"Mama, fundi yule ni mimi. Na ile haikuwa dawa. Ni rangi ya milango."

Cherehani ilinyamaza. Binti akashuka ngazi za mlango wa jikoni.

"Yaani wewe ndiye uliyetuharibia, na leo umekuja kututengenezea?"

"Ndiyo, dada."

Mama alimtazama kama anayepima nguo kwa macho. "Na mbona umesema?"

"Nimekuwa nikiomba nionyeshwe hata mti mmoja kati ya ile."

"Nami nikakuombea wewe," mama alisema polepole. "Kumbe tulikuwa tunapishana njiani!" Akacheka, na kicheko kikamtoa machozi. "Haya. Unaweza kuuponya?"

"Kuuponya siwezi. Nitaupunguzia mzigo. Hili la juu ya paa litoke leo. Mengine kidogo kidogo, kwa miaka mitatu, mti usije ukashtuka. Shina bado lina mbao nzima ya kuusimamisha. Lisingekuwa nayo, ningekwambia tuukate."

"Na ukikosea tena?" binti aliuliza.

"Ndiyo maana mama ahame hapa mpaka nimalize. Na chumbani asiwemo mtu."

Binti aliinama akashika cherehani upande mmoja, shemeji akashika wa pili.

Fundi alifumba macho, midomo ikacheza kidogo, akapanda. Alilifunga tawi kamba, kisha akalikata kwanza kwa chini, lisije likachana gome wakati wa kuvunjika. Ndipo akakata kwa juu. Tawi lililia, likaachia, likaning'inia.

"Shusha taratibu! Si gunia la mkaa hilo!"

"Gunia la mkaa lina adabu, shemeji! Hili linanivuta kama deni la ukoo!"

Kigutu kilichobaki alikikata pale gome linapovimba kuzunguka shingo ya tawi, wala hakupaka kitu. Alipogeuka kufungua kamba iliyomshikilia, kidonda cha buluu kilikuwa mbele ya uso wake. Katikati palikuwa na tundu la giza. Lakini pembezoni gome jipya lilikuwa limejikunja, nene kama mdomo, likiibandua rangi na kuisukuma kando. Miaka yote ile alipokuwa akijilaumu, mti ulikuwa kazini. Aliliwekea gome lile kiganja, akasema asante, akashindwa kuendelea.

Chini, binti alikuwa amesimama akilitazama paa, bati zima linalong'aa juani.

"Wewe fundi! Mwakani unakuja mwezi gani?"

"Kabla ya mvua, dada."

"Uje mapema, basi. Mama huanza kushona alfajiri."

"Mbona hushuki?" shemeji aliita. "Umekwama?"

Alijibu kwamba vumbi la msumeno limemwingia machoni. Msumeno ulikuwa umetulia kiunoni mwake kitambo.