Nati ya Sampu na Mkeka wa Kondo

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Muharami alikuwa amelala chali juu ya boksi chini ya Landrova ya Swalehe, akiitukana kwa sauti ndogo nati ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Landrova hiyo ilikuwa kuukuu, imebadilishwa kila kitu isipokuwa ukaidi. Fundi aliyemwaga oili mara ya mwisho aliogopa isije ikavuja njiani, akachomeka bomba kwenye mpini wa spana na kukaza kwa nguvu zake zote. Mafundi wa Kibiti hukosea hivyohivyo: nati ikitoa jasho, huikaza, ikizidi kutoa, huikaza zaidi. Sasa kona za nati zilikuwa zimeviringika, nyuzi zake za kushikia zimeliwa, na spana ilizunguka bure.

"Kesho alfajiri napeleka abiria Ngarambe," alisema Swalehe kutoka kwenye benchi. "Nisije nikakwama, fundi."

"Hukwami."

Mawazo ya Muharami hayakuwa kwenye nati. Jumapili binti yake Thuwaiba alikuwa anaolewa, na alikuwa ameomba kitu kimoja tu: ngoma. Katika nyumba yao ngoma haikuwa imepigwa tangu Vita vya Majimaji, pale Kondo, babu wa babu yake Muharami, alipokwenda Ngarambe kuchukua maji ya dawa ya kuzuia risasi za Mjerumani, asirudi. Wanawake wa nyumba walitandika mkeka wa matanga, wakasema hautaanuliwa mpaka Kondo azikwe. Mkeka ulikuwa bado ukumbini. Kila aliyezaliwa aliukuta hapo, na kila harusi ilifungwa kimyakimya, kama watu wanaogawana kitu cha wizi. Thuwaiba alikuwa amelia kutwa, na bibi yake, Bi Mwanamkuu, alimsikiliza mpaka mwisho halafu akasema hapana. Kati ya mama yake na binti yake, Muharami alijiona hana maana yoyote.

Akaweka patasi pembeni mwa nati, akaigonga kwa nyundo. Nati ikasogea, kisha ikatoka pamoja na mabaki ya nyuzi zake. Kilichofuata hakikuwa oili. Yalikuwa maji, safi, ya baridi, yenye harufu ya mtama na mafuta ya nyonyo. Karai la kukingia oili likajaa na maji yakaendelea kutoka. Muharami akasogeza kichwa yasimwingie sikioni.

"Inatoa maji."

"Basi gasketi imekufa," alisema Swalehe kwa huzuni.

Ndipo miguu ikaanza kufika. Pale alipolala, Muharami aliiona miguu tu, mikavu, yenye vumbi la mbali, mingine ikiwa na alama za minyororo. Ilijipanga foleni ubavuni mwa gari, na vibuyu vikateremshwa kimoja baada ya kingine kukinga maji. Hakuna aliyemsukuma mwenziwe.

"Waambie wasiegemee rangi," alisema Swalehe.

Mguu wa kushoto wa aliyefuata ulikuwa na vidole sita. Muharami aliutazama wa kwake, uliotoka kwenye kandambili, wenye vidole sita kama wa baba yake na wa babu yake. Akatoka chini ya gari, maana si adabu kumwamkia mkubwa ukiwa umelala.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Kondo alisemea kifuani, kwenye tundu la risasi, kwa sababu juu ya mabega hapakuwa na kitu.

"Maji haya hayakuwafaa," alisema Muharami. "Mnayachukulia nini tena?"

"Risasi hazikugeuka maji, hilo tuliliona wenyewe. Lakini kiu haijatutoka."

Nyumba ilikuwa nyuma ya gereji. Muharami akamwita mama yake, naye Bi Mwanamkuu akaja, Thuwaiba nyuma yake. Bibi akapiga goti, akauliza swali alilorithi kwa wanawake wa nyumba ile.

"Ulizikwa wapi, babu?"

"Sijazikwa. Kiwiliwili ndicho hiki, natembea nacho. Kichwa Wajerumani walikikata, wakakichemsha, wakaenda nacho kwao. Kimo kabatini, katika jumba lao la makumbusho. Kuna msichana hukifuta vumbi, ana mkono mwepesi. Ila baridi ya kule naisikia mpaka hapa shingoni."

Thuwaiba akasogea. "Babu, naolewa Jumapili. Nataka ngoma."

"Piga, mwanangu. Mimi sina neno. Hata mimi niliipenda ngoma."

Thuwaiba akamgeukia bibi yake, uso umemchangamka. Bi Mwanamkuu alikuwa analia, lakini sauti yake haikutetereka.

"Matanga hayaanuliwi kwa ruhusa ya maiti. Yanaanuliwa kwa kuzika."

"Basi tukizike hiki kiwiliwili!"

"Tuzike nusu ya mtu, halafu tuseme yamekwisha? Watakaofurahi ni hao wenye kabati."

Kondo alikinga kibuyu chake mpaka kikajaa. "Anasema kweli," akamwambia Thuwaiba, kwa upole. Swalehe aliwaambia wale wa foleni kuwa gari litakwenda Ngarambe alfajiri. Walishukuru, wakasema wameshazoea miguu, wakaondoka.

Muharami alichonga nyuzi mpya kwenye tundu, pana zaidi, akatia nati kubwa, akajaza oili. Tone mojamoja la maji likaendelea kudondoka. Akalishika bomba la kukazia, akalitazama, akaliweka chini.

"Inavuja," alisema Swalehe.

"Iache."

Akaweka kata chini ya tone, likingwe mpaka alfajiri.

Jumapili Thuwaiba aliolewa. Pilau lililiwa, dua ikasomwa, na hakuna aliyepiga hata kigelegele. Bi Mwanamkuu akaukunja mkeka na kuuweka juu ya vyombo vya bi harusi. "Mimi nimechoka," alisema. "Sasa ni wako."

Jioni, nyumbani kwa mumewe, Thuwaiba akautandika ukumbini. Ukingo mmoja ulikuwa umefumuka. Alishikwa na hasira, na wa kuwakasirikia, wale wenye kabati, hawakuwa karibu. Akachagua ukindu, akauloweka katika maji ya ile kata ya gereji, aliyopewa na baba yake, akangoja ulainike, kisha akaanza kushona.