Nyungunyungu wa Mama Mkwe

Haraka haraka haina baraka, na mkaza mwana huyu alilijua hilo tangu utotoni. Ila kujua si kutenda. Mama mkwe wake, bingwa wa mbolea, alipokwenda kutibiwa jicho alimwachia ndoo ya nyungunyungu aliowalea miaka kumi na moja, na agizo moja: "Vigogo vya migomba vina nyuzi ngumu. Acha kuvu ivilainishe kwanza. Kabla hujawatia hawa wangu, zamisha mkono ndani ya biwi hadi kiwikoni, uhesabu mia. Ukiungua, subiri."

Siku ya kumi na tano biwi la vigogo kule bandani lilikuwa limetandwa na utando mweupe wa kuvu, linanukia udongo uliolowa mvua. Mkaza mwana akagusa juu kwa vidole viwili, akaona pamepoa. Alitaka mama mkwe akirudi akute kazi imekwisha, amsifu walau mara moja. Akamimina ndoo nzima.

Kesho yake hakumwona hata mmoja. Alipozamisha mkono aliuchomoa mbio, maana katikati palikuwa moto kama chungu cha jikoni.

"Nimewapika!" akamwambia mumewe. "Nimewapika wote!"

"Mwambie mama wametoroka," mume akasema, akachukua kofia, huyo kazini. Mwanamume jasiri kweli!

Mama mkwe akafika saa nne, bandeji jichoni. Mkaza mwana hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu. "Mama, nimekosa. Nyungunyungu wako nimewaua." Akasimulia yote, machozi yakimtiririka.

Mama mkwe akaenda bandani, akapiga magoti, akafunua gunia lenye unyevu lililotandikwa pembeni mwa biwi. Chini yake nyungunyungu walikuwa wamejaa tele, wekundu, wamefungamana.

"Hawa si wajinga," akasema. "Wakiona joto wanahama."

Mkaza mwana akajikalia pale pale kwenye matope, moyo umetua kwatu. Akacheka huku analia.

Mama mkwe naye akakaa. "Mimi niliwachoma wa mama mkwe wangu, hakupona hata mmoja. Nikamwambia wamedonolewa na kuku. Akachinja kuku wake wote watatu, nami nikala." Akamfuta mkwewe matope shavuni. "Amekufa hajui. Wewe umesema hata viatu sijavua. Nakuonea wivu, mwanangu."