Sauti ya Bata Bukini

Bata bukini alifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mama yangu.

Ukumbi wa kanisa letu, mtaa wa South End mjini Louisville, Marekani, ulilipuka kwa kicheko. Ilikuwa katuni fupi ya zamani, ya zile zilizotangulia filamu kubwa kwenye majumba ya sinema. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa mume wangu, Bisimwa. Kule Bukavu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: picha inapita, yeye anawatia wahusika Kiswahili mdomoni, na watu walikuja kumsikia yeye kuliko kuitazama picha. Siku hiyo alimpa bata kikohozi cha mama na msemo wake: "Bon, miye nilisema!"

Kwetu mtu hamtazami mama mkwe machoni, sembuse kumgeuza bata. Mama alisimama, akajifunga kitenge upya, akatoka. Bisimwa akaendelea kutafsiri. Nilimchukia jioni ile, sifichi.

Mama alihamia mji wa Columbus, mtaa wa Clintonville, kwa kaka yangu Mugisho. Bisimwa akampelekea mbuzi wa kuomba radhi. Mama aligawa nyama yote kwa majirani, hakuonja hata mchuzi.

"Akiingia ku hii mulango, miye natokea ku dirisha," aliniambia. "Donc, chagula."

Nitachaguaje kati ya mama na mume? Kazi ikatuleta Cheektowaga, nje ya Buffalo, na baadaye Mugisho naye akaja na mama. Kila Jumapili niliwapeleka watoto kumwona, baba yao akibaki garini, theluji inyeshe isinyeshe.

Jumapili moja hita ya gari ilikufa. Ndani, watoto walikuwa wameiona katuni ile ile kwenye televisheni.

"Koko, fanya kama Papa!" binti yangu Gracieuse alimdai bibi yake.

Mama akazima sauti. Mbwa mwitu anayemwinda bata alipotokea, akampa sauti ya Bisimwa: majivuno yake, kigugumizi chake, mpaka yule mbwa mwitu akapiga magoti na kubembeleza akitoa mbuzi. Watoto waligaragara kwa kicheko. Mimi nilikuwa nautazama mlango. Bisimwa alikuwa amesimama pale, theluji mabegani.

"Mama, miye sisemake vile."

Mama hakugeuka. "Bon. Sasa unajua vile inauma."

Akamwagiza Gracieuse kiti. Bisimwa akainama kuvua viatu. Kiti kilipofika, mama aliipandisha miguu yake mwenyewe juu ya kiti hicho, akainyoosha vizuri.

Bisimwa akaketi sakafuni na watoto. Mama alikitazama kioo cha televisheni mpaka mwisho. Dirishani hakutokea.