Mtoto wa Nebula

Jumanne ni siku ya kliniki katika zahanati ya Haneti. Kufikia saa tatu asubuhi nesi Editha alikwisha kupima watoto kumi na mmoja, na wa kumi na mbili kwenye foleni alikuwa nyota.

Aliletwa na Nathan, mtaalamu wa ile darubini mpya ya kilimani, kubwa kuliko kanisa. Alimbeba ndani ya karai, amemfunika sweta.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Mama yake yuko wapi?"

Nathan akaeleza. Wiki nzima darubini ilielekezwa kwenye nebula, wingu la gesi na vumbi ambamo nyota huzaliwa. Picha za kwanza zilitoka safi, wakahesabu nyota changa arobaini na tatu. Jana wakavuta karibu kupita kiasi, na leo asubuhi zilibaki arobaini na mbili. Huyu walimkuta juu ya kioo cha darubini, analia.

"Vumbi tupu na mkunga hakuna. Hata mimi ningetoka," Editha alisema. Akamtundika kwenye mizani: kilo mbili na robo. "Anakula nini?"

"Haidrojeni."

"Hapa tuna uji wa uwele."

Alikunywa vikombe viwili. Editha akamwandikia kadi, akamgombeza Nathan kwa kumleta bila kofia, kisha akamlaza chumba cha kujifungulia hadi anenepe.

Chumba hicho hakikuwa na umeme. Nyaya za kwenda kwenye darubini zilipita juu kabisa ya bati la zahanati bila kusimama. Editha alikwisha kuandika barua tatu wilayani kuomba umeme. Wajawazito waliambiwa waje na kanga, wembe na tochi. Mwezi Machi betri za tochi ziliisha katikati ya uzazi, na kitovu kilichomzunguka shingoni mtoto wa Paulina hakikuonekana hadi mtoto alipokwisha kukata roho. Editha alikuwa bado na hasira, na hakuificha.

Ijumaa akaja Evodia, bila tochi. Karai lenye nyota likawekwa juu ya stuli, chumba kikawa cheupe. Kitovu cha mwanawe nacho kilikuwa shingoni, lakini safari hii Editha alikiona mapema, akakitoa. Mtoto akalia, nyota naye akalia, wote wawili wakabembelezwa.

Habari zikafika hadi Itiso. Wajawazito wakaja na kanga na wembe tu.

Barua ya nne ikamleta afisa kutoka wilayani, Bwana Silvano. Alichungulia chumbani, akakinga macho kwa faili, akaandika: Mwanga upo, wa kutosha. Kisha akaifuta zahanati kwenye orodha ya kuunganishiwa umeme.

"Lakini huyu ni mtoto," Editha alisema. "Akikua ataondoka."

"Akiondoka, mama, utatuandikia barua."

Jumanne ya tisa nyota alifikisha kilo kumi. Editha akasaini kadi, akampangia tarehe ya chanjo kama wenzake, na nyota akapaa kupitia kwenye bati bila kulitoboa. Akina mama wakapiga vigelegele. Kesho yake Nathan akatuma ujumbe: Arobaini na tatu, wote wazima.

Editha aliusoma mara mbili, akafurahi kweli. Kisha akaketi kuandika barua ya tano. Hakuwa amefika mbali mjamzito aliposimama mlangoni, ameshika kiuno, kanga na wembe vikiwa kwenye mfuko wa rambo.

"Karibu, mwanangu," Editha alisema. "Tochi umekuja nayo?"